Je, macho yanayorukaruka ndiyo yananichelewesha golini?

*Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 19 na mimi ni golikipa. Mwezi uliopita mwenzangu alinirekodi uso kwa simu tukiwa kwenye mazoezi ya penalti. Tulipoirudisha video polepole tuliona macho yangu hayatulii, yanaruka kidogo kidogo hata pale ninapodhani nimeukazia mpira. Mwenzangu akasema amesikia kwamba macho yanayochezacheza ni dalili ya akili isiyotulia, na ndiyo maana nachelewa kuruka. Tangu hapo kila usiku naikodolea nukta niliyoichora ukutani, yenye duara hafifu la penseli kuizunguka, dakika kumi bila kupepesa, ili macho yazoee kusimama. Lakini baada ya muda duara linapotea kabisa, kisha linarudi, na macho yanawasha na kutoa machozi. Sasa hata kope ya chini ya jicho la kushoto inacheza, leo siku ya tatu. Je, macho yangu ni mabovu? Na nikifanikiwa kuyatuliza, nitakuwa mwepesi zaidi?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la kufanya leo hii: zoezi la nukta liache. Linakuumiza bila faida, na utaona hapa chini kwamba lilikuwa linakufundisha kinyume cha unachokitafuta. La pili, katika yote uliyonieleza sioni dalili kwamba macho yako ni mabovu. Lakini sijakupima, kwa hiyo nitakutajia pia mambo ambayo ukiyaona hupaswi kungoja jibu la mtu aliye mbali.

Umefunga mambo matatu kwenye kifurushi kimoja: macho yanayoruka kwenye video, duara linalopotea, na kope inayocheza. Kila moja lina sababu yake, na hakuna hata moja linaloonyesha akili isiyotulia.

Tuanze na video. Jicho lako linazunguka ndani ya tundu lake kama mpira mdogo, na kutoka katikati ya mpira huo hadi usoni pake ni kama milimita 12. Mruko mdogo wa jicho, ule ambao sisi tunaoshughulika na macho tunauita sakadi ndogo, kwa kawaida hauzidi nusu digrii. Piga hesabu: nusu digrii kwenye jicho ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Unadumu takriban milisekunde 25, wakati simu nyingi hupiga picha 30 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 33. Mruko mzima unaweza kuanza na kuisha kati ya picha mbili. Maabara zinazoipima hutumia kamera zinazosoma jicho mara 500 au 1,000 kwa sekunde, huku kichwa kimeegemezwa kisitikisike. Kwa hiyo mlichokiona kwenye simu si mtetemo wala sakadi ndogo. Yaelekea mliona sakadi za kawaida, miruko mikubwa ambayo kila mwenye macho huifanya kama mara tatu kwa sekunde akiwa macho, na ambayo hata wewe sasa hivi unaifanya ukisoma mstari huu.

Kwa nini jicho liruke? Nyosha mkono wako mbele na uinue kidole gumba. Upana wa gumba hilo, ukiutazama hivyo, ni kama digrii 2. Eneo unaloliona kwa ukali wa kweli, wa kuweza kusoma maandishi madogo, halizidi sana hapo. Katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna kishimo kidogo kiitwacho fovea ambacho seli zake zimebanana kuliko mahali pengine popote. Nje ya hapo ukali unashuka haraka. Sasa peleka gumba hilo kwenye penalti: mita 11 mbele yako, digrii 2 ni upana wa takriban sentimita 40. Ndani ya sentimita 40 mpira unaingia vizuri, lakini uso wa mpigaji hauingii pamoja nao. Ukitaka kuona uso, kisha mguu, kisha mpira, jicho lako halina budi kuruka. Golikipa ambaye macho yake hayaruki kabisa mpigaji anapokimbilia mpira ndiye angenitia wasiwasi.

Hata hivyo swali lako lina msingi, kwa sababu ile miruko midogo isiyoonekana kwenye simu ipo kweli, na kweli ina uhusiano na umakini na wepesi. Ila uhusiano wenyewe si ule alioambiwa mwenzako.

Ukimkalisha mtu mbele ya kifaa cha kupima macho na kumwomba atazame nukta bila kusogea, mwenyewe ataapa kwamba ametulia tuli. Kwenye skrini lakini mstari wa jicho lake unatangatanga kama mwendo wa siafu aliyepotezana na wenzake: unateleza taratibu upande mmoja, unapinda, unateleza tena, kisha ghafla unaruka kwa mstari ulionyooka hadi pengine, mara nyingi kuelekea ulikotoka. Kule kuteleza ni mteleo. Kule kuruka ni sakadi ndogo, moja au mbili kwa sekunde. Na juu ya yote kuna mtetemo mwembamba mno, usiozidi sana upana wa seli moja ya retina. Kila jicho zima hufanya hivyo. Nimewahi kuwaonyesha watu mchoro wa jicho lao wenyewe wakakataa kuwa ni lao.

Unaweza kuliona hilo bila mashine. Weka mraba mdogo mweusi juu ya karatasi nyeupe, na katikati ya mraba tia alama ndogo. Itazame alama hiyo kwa sekunde 20, ukipepesa kama kawaida. Halafu hamishia macho kwenye nukta uliyoichora kwenye karatasi nyingine nyeupe. Kivuli cheupe cha mraba kitakufuata, na ukijitahidi kukibandika kwenye nukta kitacheza huku na huku, hakikubali kukaa. Kivuli kile kimechapwa kwenye retina, hakiwezi kusogea peke yake. Kinachosogea ni jicho lako.

Sasa duara lako lililopotea. Hapa ndipo ulipogusa, bila kujua, jambo zuri kuliko yote katika barua yako. Mwaka 1804 Ignaz Troxler, daktari wa Uswisi, aliandika kuhusu hilohilo: ukikazia macho sehemu moja kwa muda, vitu hafifu vya pembeni hufifia na kutoweka. Katika miaka ya 1950 watafiti wa Uingereza na Marekani walikwenda mbali zaidi. Walitengeneza vifaa vilivyoifanya picha isogee pamoja na jicho, hivyo jicho likienda kushoto na picha nayo inakwenda kushoto, na picha ikabaki imeganda mahali pamoja kwenye retina. Baada ya sekunde chache tu ilififia na kupotea mbele ya macho yaliyo wazi kabisa.

Sababu ni hii. Chembe za neva za jicho na ubongo zimeumbwa kuitikia mabadiliko. Kitu kisichobadilika hunyamaziwa. Shati ulilovaa asubuhi uliligusa kwa ngozi dakika ya kwanza. Sasa hulisikii mpaka nilitaje. Na kuna mfano ulio ndani ya jicho lenyewe: mishipa midogo ya damu imepita mbele ya seli zinazopokea mwanga, na kila siku inazitupia kivuli, lakini huioni, kwa sababu kivuli hicho kinatembea pamoja na jicho na hivyo hakibadiliki kamwe. Kama macho yako yangeweza kusimama kabisa, ulimwengu wote ungegeuka kuwa kama mishipa hiyo, ukawepo usionekane. Miondoko midogo ndiyo inayoiburudisha picha, inayoisukuma kutoka seli hadi seli ili neva ziendelee kuitikia.

Kwa hiyo kila lilipopotea duara ulikuwa umefanikiwa kuzima pembeni mwa uwezo wako wa kuona, na lilipotokea tena, jicho lilikuwa limesogea kidogo na kukuokoa. Kipa wa kuzima pembeni anajifundisha kusahau milingoti. Na kule kuwasha na kutokwa machozi ni kwa sababu ya kutopepesa: kila mpepeso hutandaza upya utando wa machozi juu ya jicho, na ukiuzuia dakika kumi uso wa jicho unakauka.

Tuje kwenye umakini, na hapa naomba unifuate polepole, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotea.

Kutazama ni kitu kimoja na kuzingatia ni kingine. Hilo unalijua uwanjani: unaweza kumtazama mpigaji huku moyo wako wote uko kwenye kona ya chini kushoto. Mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz alilithibitisha katika karne ya 19. Alitazama kitundu kimoja ndani ya kisanduku cha giza, akaamua kimoyomoyo azingatie upande fulani, kisha cheche ya umeme ikaangaza herufi kwa muda mfupi usiotosha jicho kusogea. Herufi alizoweza kuzisoma zilikuwa za upande ule aliouzingatia. Mwaka 1980 Michael Posner wa Marekani alilipima jambo hilo kwa wepesi: mtu aliyeashiriwa upande ambao taa itawaka aliitikia haraka zaidi taa ilipowaka upande huo, na kwa kuchelewa ilipowaka upande mwingine, ilhali macho yake yalibaki katikati.

Yalibaki katikati, au ndivyo ilivyodhaniwa. Mwaka 2002 Ziad Hafed na James Clark huko Kanada, na mwaka 2003 Ralf Engbert na Reinhold Kliegl huko Potsdam, Ujerumani, walichunguza miruko midogo ya watu wanaozingatia pembeni huku wakitazama katikati. Wakakuta kwamba miruko hiyo haitokei ovyo. Mwelekeo wake una uhusiano na upande ambao umakini umeelekezwa. Kumbe kile tunachodhani tumekificha kabisa kinavuja kidogo kupitia jicho, kwa kiasi ambacho mtu wa mbele yako hawezi kukiona.

Ukiuliza kwa nini, jibu liko kwenye ubongo. Juu ya shina la ubongo kuna kituo kidogo kiitwacho kolikulasi ya juu. Ndani yake kuna ramani ya nafasi iliyo mbele yako: sehemu moja ya ramani ni ya kulia, nyingine ya kushoto, nyingine ya katikati. Kituo hicho husaidia kuamua jicho liruke wapi, na pia kinashiriki katika kuamua nini kizingatiwe. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba hata sakadi ndogo kabisa zinatokana na shughuli za ramani hiyo. Basi ukiuelekeza umakini wako kulia, ramani inaegemea kulia kidogo, na mruko mdogo utakaotokea wakati huo una nafasi kubwa zaidi ya kwenda kulia.

Kuna na saa yake. Kitu kipya kinapojitokeza ghafla, miruko midogo hukatika karibu kabisa ndani ya kiasi cha milisekunde 100 hadi 150, kama vile jicho limezuia pumzi, kisha hurudi kwa wingi kupita kawaida. Na kabla ya kitu unachokisubiri kwa hamu, hupungua yenyewe. Mwaka 1976 watafiti waliwapima watu wakitunga uzi kwenye sindano na wengine wakilenga shabaha kwa bunduki, wakakuta miruko midogo inapungua kadiri muda wa kufyatua au kupitisha uzi unavyokaribia. Baadaye, mwaka 2010, kipimo chenye ukali zaidi kilionyesha upande wa pili: katika kazi ya kutunga uzi, miruko iliyobaki ilikuwa inapeleka jicho kwa usahihi mkubwa kutoka ncha ya uzi hadi tundu la sindano na kurudi. Kwa hiyo jicho la mtu makini husogea pale inapohitajika na kunyamaza pale inapohitajika, na halimsubiri mwenyewe aliamrishe.

Wepesi je? Mruko mdogo unapotokea, uwezo wa kuona hupungua kwa kitambo kifupi sana, kwa sababu ubongo hufifisha picha wakati jicho linaruka ili tusione ulimwengu ukipigwa rangi ya ukungu kila mara. Ishara ikiangukia ndani ya kitambo hicho inaweza kupokewa kwa kuchelewa kidogo. Kwa upande mwingine, ikiwa mruko mdogo ulikuwa unaelekea upande uleule ambako ishara inatokea, mwitikio unaweza kuwa wa haraka zaidi. Ukielekea upande wa pili, wa polepole zaidi. Huo ni ukweli uliopimwa. Lakini tofauti zake ni za milisekunde chache hadi makumi machache, na huonekana ukilinganisha mamia ya majaribio katika chumba tulivu. Na hujui mruko wako ujao utakuja lini, wala huwezi kuuagiza uende kulia.

Swali kubwa linalobaki ni lipi linaloongoza: je, mruko ndio unaoleta umakini, au umakini ndio unaoacha alama kwenye mruko? Hapa wataalamu bado wanavutana, na nisingekutendea haki nikikuficha. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa nyani uliokuta kwamba chembe za ubongo zinaonyesha nguvu ya umakini hasa pale mruko mdogo unapoelekea kwenye kitu kinachozingatiwa. Mwaka 2022 kundi jingine, akiwemo Richard Krauzlis wa Marekani, lilionyesha kwamba nguvu hiyo ipo hata pasipo mruko wowote. Mimi nauegemea upande wa pili. Naiona sakadi ndogo kama nyayo kwenye mchanga. Nyayo zinakwambia mtu amepita na ameelekea wapi, na ukizifuta huyo mtu hasimami. Anayekuuzia mazoezi ya kugandisha macho ili uwe makini anakuuzia ufagio wa kufuta nyayo.

Sasa tuongelee penalti yako, maana naamini hilo ndilo linalokukosesha usingizi.

Mpira unaopigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unamaliza mita 11 ndani ya kama sekunde 0.4. Mtu mzima mwenye afya, akiwa amejiandaa, huhitaji karibu sekunde 0.2 hadi 0.25 kuitikia mwanga mmoja kwa kitendo kimoja kilichopangwa tayari. Ukimtaka achague kati ya kulia na kushoto, muda unaongezeka. Halafu mwili wako mzito unapaswa kusukumwa kutoka ardhini na kuvuka mita kadhaa. Jumlisha mwenyewe. Ukisubiri kuuona mpira umeondoka ndipo uamue, umechelewa kabla hujaanza, hata uwe na macho ya mwewe. Kwa hiyo kuchelewa kwako hakutokani na jicho. Inawezekana kabisa unaitikia kwa kasi ileile ya makipa wazuri, ila unaanza kusoma ishara baadaye yao.

Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi waliwalinganisha makipa wazoefu na wasio wazoefu kwa kufuatilia macho yao walipoonyeshwa video za wapigaji. Wazoefu walitazama sehemu chache zaidi na kukaa kila sehemu muda mrefu zaidi. Muda wa kupigwa ulipokaribia, macho yao yalikuwa kwenye mguu wa kupigia, mguu wa kusimamia na eneo la mpira. Wasio wazoefu walitumia muda mwingi kwenye kiwiliwili, mikono na nyonga. Hicho ndicho kitu cha kutafuta kwenye video yako. Usihesabu macho yanaruka mara ngapi, angalia yako wapi katika hatua mbili za mwisho za mpigaji. Kama bado yanatalii usoni kwake, umepata mahali pa kufanyia kazi. Mwombe mwenzako arekodi pia wapigaji, asimamishe video mguu unapokaribia mpira, nawe useme upande kabla hajaiendeleza. Rudia mara nyingi. Zoezi hilo halina mashine wala gharama, na linagusa kitu chenyewe.

Huenda umesikia pia kuhusu kile ambacho Joan Vickers, mtafiti wa michezo wa Kanada, anakiita jicho tulivu: wanamichezo hodari hukaza macho mahali pamoja kwa muda mrefu kidogo kabla ya tendo la mwisho. Neno hilo limewapotosha wengi. Katika vipimo vyake, jicho linahesabiwa limetulia likiwa ndani ya eneo la digrii 3, na ndani ya eneo hilo linaendelea kuteleza na kuruka kidogo kama kawaida. Na ushahidi wake una nguvu zaidi kwa anayelenga, kama mpiga penalti au mrusha mpira wa kikapu, kuliko kwa anayeitikia kama wewe.

Programu za simu na taa za kugusagusa za mazoezi ya wepesi nazo nimeulizwa mara nyingi. Ukizitumia utakuwa mwepesi zaidi katika programu hizohizo, hilo halina shaka. Kama wepesi huo unahamia uwanjani ni jambo lisilo na hakika, na mimi nisingezitumilia fedha kabla ya kumaliza yaliyo bure. La kwanza kati ya hayo ni usingizi. Mtu aliyekosa usingizi hupungukiwa wepesi kwa namna mbaya zaidi ya kuchelewa kidogo kila mara: mara nyingi anakuwa sawa, kisha ghafla anakuwa na kitambo cha kutokuwepo, na mpira hauchagui kitambo cha kuja. Pombe hurefusha muda wa kuitikia na huharibu uwezo wa jicho kufuata kitu kinachotembea. Na kama unaona vitu vya mbali kwa ukungu na hujawahi kupimwa, miwani au lenzi zitakusaidia kuliko zoezi lolote, kwa kuwa mguu wa mpigaji usiouona vizuri huwezi kuusoma.

Ukitaka kujipima, tumia rula ya sentimita 30. Mwenzako aishike juu ikining'inia, wewe uache vidole viwili wazi kwenye alama ya sifuri bila kuigusa. Aiachie bila kukuonya, nawe uidake. Ukiidakia kwenye sentimita 20 umetumia kama sekunde 0.2, kwenye 11 ni sekunde 0.15; ikikupita yote, umevuka robo sekunde. Fanya mara kumi, uzipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Usichague ile bora, maana huenda ulibahatisha. Fanya asubuhi baada ya kulala vizuri, kisha siku nyingine baada ya usiku mbaya. Wengi niliowapa zoezi hili waliacha kuyashuku macho yao siku hiyohiyo.

Kope sitaizungumzia sana. Inayocheza ni misuli ya kope, jicho lenyewe halimo. Husababishwa mara nyingi na uchovu, kukosa usingizi, wasiwasi na kahawa nyingi, na kwako nadhani mikesha ya kukodolea ukuta imechangia. Huisha yenyewe kwa siku au wiki chache. Ikiendelea zaidi ya wiki kadhaa, au ikianza kulifunga jicho, au mchezo huo ukishuka shavuni na mdomoni, mwone daktari.

Na hapa ndipo mipaka ya barua inapofika. Kuna hali iitwayo nistagmasi, ambapo macho hucheza kwa mdundo, huku na huku bila kukoma, mara nyingi yakienda taratibu upande mmoja na kurudi kwa haraka. Wengine huzaliwa nayo au huipata utotoni, na wanaishi nayo kwa uangalizi wa kawaida wa daktari wa macho. Ikimtokea mtu mzima kwa mara ya kwanza ni lazima ichunguzwe, kwani inaweza kutokana na sikio la ndani, ubongo, au dawa, zikiwemo baadhi ya dawa za kifafa. Rudi kwenye video yako uangalie: je, miruko ina mdundo sawasawa kama wa saa, hata unapotazama kitu kimoja kisichosogea? Je, wewe mwenyewe unaona ulimwengu ukitikisika, au kitu kimoja kikiwa viwili? Je, unainamisha kichwa upande mmoja ili uone vizuri? Ukijibu ndiyo kwa moja, tafuta miadi kwa daktari wa macho na uende na hiyo video, inasaidia kuliko maelezo. Ila usijitishe kwa kutazama pembeni kabisa hadi mwisho wa jicho, maana huko hata macho mazima hucheza kidogo.

Jambo moja halingoji miadi. Macho yakianza kucheza ghafla, au ukaanza kuona vitu viwili viwili, pamoja na kizunguzungu kikali, kushindwa kutembea sawa, ulimi kuwa mzito, uso kupinda upande mmoja, udhaifu wa mkono au mguu, au maumivu ya kichwa ya ghafla yasiyo ya kawaida, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Inaweza kuwa kiharusi, na vijana nao hupata kiharusi.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, bado ningependa upimwe macho mara moja, kipimo cha kawaida tu cha kusoma herufi za mbali, cha kuona kama macho mawili yanafanya kazi pamoja, na cha kufuata kidole. Kwa kipa wa miaka 19 ni jambo la kufanya hata bila wasiwasi wowote. Usiku wa leo futa ile nukta ukutani, zima taa mapema. Kesho mwambie mwenzako alete simu, safari hii aielekeze kwenye mguu wa kusimamia wa mpigaji.